Mvua Ilinyesha, Oganda Hakufa

Jioni moja hapa Gahanga niliwasimulia akina mama hadithi ya Grace Ogot. Ogot, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa muuguzi. Mwaka 1962 aliisoma hadithi hiyo Makerere, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Baadaye ikaingia katika kitabu chake cha mwaka 1968, Land Without Thunder.

Kisa chenyewe ni hiki. Ukame umezidi. Mganga anasema mvua haiji mpaka Oganda, binti wa chifu Labong'o, atolewe kwa zimwi la ziwani. Wazee wanajadili ndani. Msichana yuko nje, anadhani wanamtafutia mume! Kisha anafanyiwa karamu, eti ni heshima kwa ukoo. Mwenyewe hakuulizwa. Anaenda peke yake, lakini karibu na ziwa mpenzi wake Osinda anamwokoa. Wanakimbia. Na mvua inanyesha vilevile.

Mama mmoja akacheka, akanyamaza, halafu akauliza: "Sasa nani alisema lazima afe?"

Swali hilo lilinichoma. Tulipokimbia Kongo, dada yangu aliacha shule ili achote maji na kulea wadogo. Mimi nikasoma. Tulimsifu sana, eti msichana mwenye moyo. Kumbe sifa zile ndizo zilikuwa karamu yake. Maji tungeweza kuchota kwa zamu.

Juzi nilimwambia hivyo. Akajibu tu: "Mbona umechelewa kuliona?"