Kabla ya Raj Kapoor: Nargis Katika Nyumba ya Jaddanbai

Anayeanza kuzungumzia sinema za Kihindi za zamani hachelewi kufika kwa mwigizaji na mwongozaji Raj Kapoor, na akishafika hapo, mwigizaji Nargis hutajwa kama neema ya Raj. Raj alimwona, akampenda, akamfanya stelingi. Madai haya yamerudiwa magazetini na vijiweni hata hayaulizwi tena ushahidi.

Kisa kinachoyabeba kinajulikana. Raj anabisha hodi kwenye ghorofa moja la Marine Drive, Bombay. Msichana anafungua mlango, mkono una unga wa dengu kwa sababu alikuwa jikoni akikaanga bajia; anasogeza nywele, unga unabaki kichwani. Raj alikipenda kisa hicho hata akakirudia katika filamu yake ya Bobby mwaka 1973. Kinachoachwa nje ni shida iliyompeleka pale. Hakuwa akimtafuta msichana. Alikwenda kumuuliza mama yake, Jaddanbai, habari za studio ambamo mama huyo alikuwa akipiga picha ya Romeo and Juliet, iliyotoka 1947 huku Nargis akiwa Juliet. Kijana ambaye hajaongoza filamu hata moja alimwendea mtayarishaji mzoefu, na aliyemfungulia mlango alikuwa tayari mwigizaji mwenye jina.

Jaddanbai alitoka katika ukoo wa tawaif wa Allahabad, wanawake wa fani ya uimbaji na dansi waliotumbuiza wakubwa wa India ya Kaskazini. Aliimba ghazali, akarekodi santuri, akaigiza Lahore katika Raja Gopichand mwaka 1933, kisha akahamia Bombay na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Katika Talash-e-Haq ya 1935 alitunga muziki. Ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kufanya kazi hiyo katika sinema ya India. Binti yake Fatima Rashid, ambaye ndiye Nargis, aliyezaliwa 1929, aliigiza humo akiwa na umri wa miaka sita hivi. Mwaka uliofuata mama akaongoza Madam Fashion. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa sana maana ya haya. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, naye alisimangwa kwa nasaba yake na kwa kazi ya kuimba mbele ya watu. Sisi leo tunamheshimu Siti. Jaddanbai, mbele ya waandishi wengi, bado ni mama mwenye tamaa aliyemfanya mtoto wake mtaji.

Lawama hiyo ina msingi, na haifai kuipuuza. Nargis alitamani kuwa daktari. Alipokuwa na miaka kumi na minne, mama yake ndiye aliyemwelekeza kwa muongozaji Mehboob Khan, na mwaka 1943 Taqdeer ikamtoa kama mwigizaji mkuu wa kike. Hakuna anayeweza kusema binti aliulizwa vya kutosha. Lakini wanaoishia hapo hawajiulizi binti wa nyumba ya tawaif alikuwa na milango mingapi mingine katika India ya wakati ule. Baba yake alikuwa Mhindu wa ukoo wenye mali aliyesilimu ili amwoe Jaddanbai, na ndoa hiyo ilimtenga na jamaa zake. Mama alijua mlango mmoja anaoweza kuufungua kwa mkono wake, akaufungua, kisha akasimama pale pale kulinda mikataba, na pia jina la bintiye. Wakati filamu ya Raj, Barsaat, inatengenezwa alimkataza Nargis kwenda kupiga picha Kashmir.

Chanzo ambacho hatukitumii ni insha ya Saadat Hasan Manto, mwandishi wa Kiurdu aliyefanya kazi katika sinema za Bombay kabla ya kuhamia Lahore mwaka 1948. Imo katika kitabu chake Ganje Farishte. Manto anasimulia jinsi shemeji zake walivyozoea kumpigia Nargis simu bila kujitambulisha, hata urafiki ukakomaa na mgeni akaalikwa nyumbani. Siku ya ziara, ndani ya gari yumo pia Jaddanbai, ambaye Manto anafahamiana naye. Nargis wa insha hiyo ni msichana wa kawaida mwenye kiu ya marafiki wa rika lake, na mwenye neno la mwisho ni mama. Manto ana ulimi mkali, na si kila alichoandika ni hati ya mahakama. Hata hivyo hakuwa na haja ya kumpamba Jaddanbai, na ndiyo sababu picha yake ina uzito.

Jaddanbai alifariki mwaka 1949. Mwaka huo huo zilitoka Andaz ya Mehboob na Barsaat ya Raj, na pozi la Raj na Nargis katika Barsaat likawa msingi wa nembo ya RK Films, kampuni ya Raj. Nadhani kosa la hesabu lilizaliwa hapo: umaarufu mkubwa ulikuja mama akiwa kaburini, na sifa zikaenda kwa aliyekuwa hai. Awaara ya 1951 na Shree 420 ya 1955 hazihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuketi katika jumba la sinema la Majestic Unguja au la Avalon Dar es Salaam. Ni kazi kubwa. Lakini Taqdeer, Humayun, Andaz na Mother India ya 1957, iliyompa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Karlovy Vary, zote ni za Mehboob, yule yule ambaye mama alimwamini. Baada ya hapo ndoa na mwigizaji Sunil Dutt mwaka 1958, Raat Aur Din ya 1967, kiti katika Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India, mwaka 1980, na kifo mwezi Mei 1981.

Kwa hiyo anayetaka kuandika maisha ya Nargis asianzie kwenye unga wa dengu. Aanzie Lahore mwaka 1933, Jaddanbai akiwa mbele ya kamera. Raj Kapoor wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minane.