Matoleo ya Kwanza ya Tenzi za Kale: Kutoka Mswada hadi Chapa

Mwanafunzi wa Bukavu aliyepitia sehemu ya Kilatini na Falsafa katika shule ya sekondari humjua Vergilius kwa sura moja tu: ile iliyomo kitabuni. Ni nadra ajiulize maneno hayo yalifikaje kwenye chapa. Swali hilo hilo halina budi kuulizwa juu ya tenzi za kale za Kiswahili, na kwa upande wa Kiswahili jibu lake lina uzito zaidi.

Vergilius alichapwa Roma mwaka 1469 na Sweynheym na Pannartz, karibu miaka 1,500 baada ya kufa kwake. Mwaka 1501 Aldus Manutius wa Venezia akamtoa katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi. Matoleo hayo yalienea, makosa yake yakaenea pamoja nayo, hata wataalamu wa baadaye wakalazimika kurudia miswada mikongwe, kama ule wa karne ya 5 uliohifadhiwa Firenze. Hata hivyo, wachapaji hao walitumia alfabeti ile ile ya mshairi. Tenzi za Kiswahili hazikupata bahati hiyo.

Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika kwa hati ya Kiarabu. Mwaka 1854 mmisionari Krapf alipeleka miswada ya tenzi Ujerumani. Askofu Steere alichapisha mashairi ya Liongo katika mkusanyo wake wa hadithi mwaka 1870, na Büttner akatoa diwani yake Berlin mwaka 1894. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ulitokea mwaka 1915 ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand, kwa kazi ya W. E. Taylor, Hichens akautoa upya mwaka 1939. Takriban wote hao walichapa kwa herufi za Kirumi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa kawaida alama moja ilisimamia i na e, nyingine u na o. Basi kila irabu ya namna hiyo iliyochapwa ni uamuzi wa mtu. Mhariri mgeni hakuweza kuamua peke yake. Alihitaji sikio la mwenyeji. Taylor alifundishwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyekusanya pamoja naye mashairi ya Muyaka bin Haji. Elimu ya watu kama Sikujua imo ndani ya matoleo hayo, ingawa majina yao hayamo juu ya majalada.

Tafsiri nazo ziliamua mengi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na unaanza na dini kabla ya ndoa. Alice Werner na Hichens waliutoa mwaka 1934 kwa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke. Jina hilo liliupunguza wasia, na wasomaji wengi wameusoma kupitia mlango huo mwembamba.

Kwa hiyo msomaji wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake kiko mbali na Kiamu, anapaswa kuwa na hadhari mara mbili. Akikuta ndia mahali pa njia, au mato mahali pa macho, asidhani ni kosa la chapa. Hiyo ndiyo lahaja ya mshairi. Wala asidhani kila irabu iliyochapwa ilitoka kwa mshairi. Alinganishe walau matoleo mawili. Wahariri wa Vergilius walibaki na ngozi zilizoandikwa tu. Wa Kiswahili wana miswada, na pwani bado kuna watu wanaozighani tenzi hizi. Wasipoulizwa wakiwa hai, irabu zitabaki mikononi mwa wachapaji.