Banda la Video na Maduka Jirani katika Kumbukumbu za Utotoni, Mpanda

Historia ya sinema nchini Tanzania imeegemea majengo yenye majina: Majestic ya Zanzibar, Avalon ya Dar es Salaam. Mpanda, mji uliokuzwa na mgodi wa madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua, hauonekani humo. Hata hivyo, waliokulia mitaani mwake mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa na ukumbi wao: banda la video, lenye mabenchi ya mbao, runinga moja na deki. Umeme wa mji ulitoka kwenye mitambo ya dizeli. Ulipokatika, jenereta ndiyo iliyoamua iwapo filamu ingefika mwisho. Kanda zilizotafsiriwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ziliwafungulia mlango wasiojua Kiingereza, yaani takribani wote.

Katika kumbukumbu za namna hii, jina la filamu husahaulika upesi. Linalobaki ni genge la mihogo, fundi redio, na duka ambako mtoto alitumwa mafuta ya taa, akaishia bandani na chenji ya mama (fimbo nayo haisahauliki). Banda halikuacha jengo wala jalada. Mtafiti anayesubiri nyaraka ataandika kwamba Mpanda haikuwa na sinema.