Duka la Kando ya Reli

Walioandika historia ya nchi yetu wameandika sana juu ya machifu, watawala, vita na vyama vya siasa. Juu ya duka la kijijini wameandika kidogo, labda kwa sababu kila mtu anadhani analijua. Mimi nimekaa pande zote mbili za kaunta ya duka la namna hiyo, kwanza nikiwa mtoto wa kutumwa, baadaye nikiwa muuzaji. Nimeona kwamba mambo mengi makubwa yalitufikia sisi watu wa shamba kupitia mlango ule. Azimio la Arusha tulilisikia redioni, lakini maana yake tuliijulia pale, kwenye mizani.

Duka halikuota kijijini kwetu lenyewe. Zamani za misafara, bidhaa ziliishia Bagamoyo, na huko ndiko wafanyabiashara kama Sewa Haji walikotajirika kwa kuwauzia wenye misafara nguo, shanga na nyaya. Ni huko huko alikoanzia Allidina Visram, kijana aliyekuja kutoka Bara Hindi mwaka 1863, ambaye kabla hajafa mwaka 1916 alikuwa na maduka mpaka Uganda. Ndipo ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Maduka yakaifuata reli kama kuku wanavyomfuata mwanamke anayepeta mtama. Kila stesheni ikapata Mhindi wake au Mwarabu wake, mwenye chumba cha mabati, baraza mbele na familia nyuma.

Kwetu ni wilaya ya Kilosa, upande wa Kimamba, katikati ya mashamba ya mkonge. Duka letu lilikuwa la Mmanga mmoja ambaye watoto wote tulimwita Babu Duka. Alikuja kwa jahazi akiwa kijana. Mkewe alizaliwa hapo hapo Kilosa, akisema Kiswahili chetu na matusi yetu. Ndani mlikuwa na kaunta ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu, rafu mpaka darini, pipa la mafuta ya taa lenye pampu, gunia la chumvi ya mawe, miche ya sabuni iliyokatwa vipande, na khanga zilizotundikwa juu ili usome jina kabla ya kuuliza bei. Barazani alikaa fundi cherehani. Pembeni palikuwa na meza ndefu na benchi mbili, na kabati la wavu ambamo mke wa Babu aliweka sambusa, mkate wa kumimina, maandazi na kashata. Birika la chai halikutoka jikoni tangu alfajiri. Waliokuwa na haraka walinunua slesi mbili zilizopakwa Blue Band, wakala wamesimama.

Wateja wakubwa walikuwa manamba, watu waliotoka Songea, Kigoma, Burundi na kwingineko kuja kukata mkonge. Walilipwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kadi isipojaa, hakuna mshahara. Kwa hiyo duka letu lilikuwa na mwezi wake wenyewe, tofauti na mwezi wa kalenda. Siku za katikati watu walikuja kununua sigara moja moja na mafuta ya taa ya kujaza kibatari. Siku kipande kilipojaa, mtu alikuja amevaa shati safi, akaagiza samaki wa kopo na mkate mzima, akakaa mezani akila polepole huku wenzake wakimtazama. Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ndio utajiri. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sisi tulidhani mambo yatakuwa hivyo milele. Baadaye bei ilianguka, kamba za nailoni zikaenea duniani, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Shati safi zikapungua mezani kwa Babu.

Mtoto akitumwa dukani alikwenda akijisemea njiani, "Sukari robo, chumvi ya senti kumi, kiberiti kimoja," asije akasahau. Nilikwenda nimeifumbata ile hela yenye picha ya mbuni, ya senti 20, mpaka inapata joto. Babu hakukuuliza unataka nini. Alikuuliza, "Mama yako amepona jino?" Ukishajibu ndipo akanyosha mkono kwenye rafu, na mara nyingi alikuwa amekwisha jua ulichotumwa. Sukari aliifunga kwa gazeti, akilisokota kama pembe, na mwisho akakutilia nyongeza mkononi: kipande cha kashata au pipi moja. Nyongeza ile ndiyo iliyotufanya tugombee kutumwa.

Nisimfanye malaika. Wakati wa mavuno alinunua mahindi yetu kwa bei ya kutupa, akayauza kwetu wenyewe mwezi wa pili, njaa ilipobisha hodi, kwa bei ya kulia. Wazee walisema kidole chake kilikuwa na uzito wa nusu ratili, maana hakikuondoka kwenye mizani. Sikupata kukiona kidole hicho, lakini naamini hawakulitunga lote. Na palikuwa na daftari. Daftari la Babu lilikuwa na jalada jeusi, na kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Baba alipofariki mwaka 1972, sukari ya chai ya matanga, mchele na sanda vilitoka dukani kwa kukopa. Tangu hapo mama alikuwa akilipa shilingi mbili tatu, anakopa moja, analipa mbili. Alipopita mbele ya duka bila hela alijifunika khanga usoni, ingawa Babu hakumdai hata siku moja mbele ya watu. Alikuwa akimwambia tu, "Mwanangu, ukurasa wako haujajaa bado."

Baada ya Azimio, biashara ya jumla iliingia mikononi mwa serikali. Kwanza lilikuwapo Shirika la Biashara la Taifa, halafu kuanzia mwaka 1973 zikaja kampuni za mikoa, ambazo kila mtu aliziita RTC. Mwaka huo huo ikaanzishwa Tume ya Bei, na bei zikapangwa huko juu. Sisi wateja tulifurahi. Karatasi ya bei ilibandikwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kumwonyesha Babu kwa kidole kwamba kitu hiki ni senti kadhaa wala si zaidi. Kisha zikaja operesheni za vijiji. Wakazi wa vitongoji walihamishiwa kando ya barabara, na kijiji chetu kikavimba ghafla, duka likabaki moja.

Mwaka 1976 ilikuja ile iliyoitwa Operesheni Maduka, iliyosimamiwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Rashidi Kawawa. Maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, mahali pake yashike maduka ya ujamaa. Kusudi lake silitukani hata leo. Aliyeona mahindi yake yakimrudia kwa bei mara tatu hawezi kushangaa kwamba serikali ilitaka kumwondoa mtu wa katikati. Lakini amri ilikwenda mbio kuliko malori. Mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla la jipya halijapata hata gunia la chumvi, na baadaye amri ikalegezwa. Kwa Babu ilikuwa imechelewa. Alikuwa amekwisha iuzia serikali ya kijiji rafu, kaunta na mizani, akapandisha familia kwenye treni kwenda Morogoro mjini. Kabati la sambusa alilichukua mkewe.

Daftari aliliacha juu ya kaunta. Kamati ya kijiji ilikaa, ikasema madeni ya mnyonyaji yamekufa, na watu wakapiga makofi. Mama alikuwa mkutanoni. Hakupiga makofi. Usiku akaniambia nikatazame ukurasa wetu unasema nini, kwa sababu muuzaji mpya wa duka la kijiji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka 18, nimemaliza darasa la saba, na mwandiko wangu ulisifiwa. Ukurasa ulisema Sh. 43/-. Nikauchana, nikampelekea, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Miezi ya mwanzo ya duka la kijiji ilikuwa ya fahari. Hatukukopesha, hatukupunja, kila senti iliandikwa. Lakini sikujua kupika chai, na kamati haikuona chai kuwa jambo la maendeleo, basi meza ndefu ikawekewa mafaili. Wazee waliokuwa wakipoteza asubuhi pale wakahamia chini ya mwembe. Nilichukua muda mrefu kutambua kwamba waliondoka na habari zote za kijiji. Babu alijua nani mgonjwa na nani amejifungua. Mimi nilijua majina kwa mpangilio wa balozi wa nyumba kumi.

Kisha bidhaa zikaanza kukatika. Sababu zilikuwa nyingi na zilikuja zikiongozana: ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na mafuta kupanda tena. Kijijini hatukuzihesabu sababu, tulihesabu siku. Ilipofika mwaka 1981 mgao wa sukari ulikuja kama mgeni asiyetoa taarifa. Sabuni ilipokosekana, watu walifulia majani ya mpapai. Unga uliopatikana ulikuwa ule wa mahindi ya manjano wa msaada, tuliouita unga wa Yanga kwa rangi ya jezi, na mashabiki wa Simba waliula kwa kununa kama vile wamefungwa mabao.

Foleni ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Watu waliweka mawe, ndala na vikapu kushika nafasi, na jiwe la mtu liliheshimiwa kuliko mtu mwenyewe. Hapo ndipo nilipojifunza maana ya chini ya kaunta. Kwanza kilikuja kikaratasi kutoka kwa kiongozi mmoja: mwekee mchukuzi wa barua hii kilo tatu. Halafu cha pili. Hakuna aliyenitisha. Mimi mwenyewe nilipenda kuitwa ndugu na wakubwa, na kila kikaratasi kilipokuja nilimwekea mama nusu kilo pia.

Mwezi mmoja gunia lilifika moja badala ya matatu. Niligawa asubuhi, nikatangaza imekwisha. Chini ya kaunta zilibaki kilo nane. Katika foleni alibaki mama mmoja mwenye mapacha wachanga, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, aliyekuja na bakuli la bati. Hakuomba sukari ya chai. Alisema watoto wanaharisha, na zahanati imemfundisha kuchanganya maji, chumvi na sukari. Chumvi anayo. Akasema, "Vijiko tu, mwanangu." Mlangoni alikuwa amesimama mtu wa kikaratasi, akinitazama. Nikamwambia mama yule kwamba imekwisha, arudi mgao ujao. Akasema ahsante. Pacha mmoja alizikwa wiki ile ile. Sijui kama vijiko vile vingemwokoa, na watu wawili watatu niliowahi kuwasimulia wameniambia haraka haraka kwamba visingemwokoa. Nami siku zote nimeona kwamba walilisema kwa ajili yangu.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Edward Sokoine, watu walitupa sabuni mitoni na vitenge vichakani kwa hofu. Duka letu lilikaguliwa, vitabu vikakutwa safi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, kama nilivyosema. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwaruhusu wenye fedha zao za nje kuleta bidhaa, mwisho wa mwaka 1985 akaingia Rais Mwinyi, na ruksa ikaanza kuonekana kwenye rafu. Maduka ya watu yakafunguka. La kijiji likafa bila mkutano.

Mwaka 1986 mama aliniita, akafungua pindo la khanga, si ile ya zamani bali nyingine, na ukurasa ukiwa umelegea kama kitambaa. Alikuwa na Sh. 43/- kamili. Nilimwambia hela hizo siku hizi si kitu, bei imezila. Akasema yeye hakukopa bei. Nikapanda treni.

Babu Duka nilimkuta Morogoro mjini, ameshika fimbo, kwenye kiduka cha mwanawe. Kabati la wavu lilikuwa pale, limepakwa rangi mpya. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka ukurasa na fedha mbele yake. Aliusoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Akauliza mama amepona jino. Halafu akazihesabu fedha moja moja, akaziweka kwenye droo, akaandika "umelipa" chini ya ukurasa kwa kalamu ya risasi, akanirudishia.

Mkewe alileta chai na sambusa mbili. Babu aliuliza habari za nyumba zote, kuanzia ya kwanza stesheni mpaka ya mwisho kwenye mkonge, bila kuruka. Alipoifikia nyumba ya yule mama alitulia kidogo. Alikuwa amesikia amejaliwa pacha, akasema. Je, hawajambo?

Nikasema mmoja hajambo.

Babu alinitazama, hakuuliza neno lingine juu ya nyumba ile, akaendelea na ya jirani. Nilipotaka kuondoka niliuliza bei ya chai, akanitajia, nikalipa. Safari hii hapakuwa na nyongeza, wala sikuitazamia.

Ukurasa mama aliutia ndani ya msahafu, na alipofariki ulinijia mimi. Duka la zamani bado lipo kijijini, limepakwa rangi ya kampuni ya simu. Kijana aliyeko ndani anauza vocha, anatoa na kuweka fedha za M-Pesa, na sukari ameifunga tayari kwenye vifuko vya robo. Yule pacha aliyebaki ana wajukuu sasa. Tukikutana mlangoni hunisalimia kwa heshima, hunipisha nitangulie, nami humwambia atangulie yeye.