Kasri la Mizingani na Ukoo wa Al Busaidi

Katika barabara ya Mizingani, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, limesimama jumba jeupe liitwalo leo Makumbusho ya Kasri, ambalo asili yake ni makazi ya ukoo wa Al Busaidi, nasaba ya Kiomani iliyotawala Zanzibar hadi Mapinduzi ya mwaka 1964. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao ya dola yake Unguja kutoka Maskati, ndiye aliyejenga hapa jumba la kwanza, likaitwa Beit el-Sahel, yaani nyumba ya pwani, na kando yake likaja kuongezwa Beit el-Hukm.

Habari za maisha ya ndani ya majumba hayo zinajulikana zaidi kwa kalamu ya binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na suria, yaani mtumwa wa kike aliyezaa na bwana wake, ambaye alikuwa ametekwa utotoni katika nchi za Kaukasi. Salme alijifunza kuandika kwa siri, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Ukoo uliomtenga kwa kubadili dini sasa unaelezwa kwa maneno yake, na makumbusho yamemtengea chumba kizima.

Lakini jumba alilolieleza Salme silo hasa linaloonekana leo. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kifo cha Sultani Hamad bin Thuwaini, manowari za Uingereza, nchi iliyokwisha kuiweka Zanzibar chini ya himaya yake tangu 1890, zilililenga kasri kwa mizinga ili kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza sultani bila idhini yao. Mapigano hayakufika saa moja, ila yalitosha kuua au kujeruhi mamia ya watu, kuliangamiza Beit el-Hukm na kuliharibu vibaya Beit el-Sahel, huku Khalid akikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Hamud bin Muhammed, aliyekubalika kwa Waingereza, akatawazwa siku ileile, na kasri lililojengwa upya likawa la masultani waliobakiwa na heshima zote za kiti isipokuwa mamlaka yenyewe.

Hali hiyo inasomeka vizuri zaidi katika ghorofa ya juu, kwenye vyumba vya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, na wake zake wawili, ambao hawakuwa na ladha moja ya samani. Baada ya Mapinduzi, yaliyomlazimisha Sultani Jamshid bin Abdullah kukimbilia uhamishoni, jumba likatangazwa kuwa la wananchi, likatumika kwa shughuli za serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho.

Mgeni anayedhani kwamba ndani ya kuta hizi atakutana na enzi ya Seyyid Said anakosea mahali, kwani kasri hili ni la wajukuu na vitukuu wake. Anayemtafuta mwenyewe na aende kaskazini ya mji, kwenye magofu ya Beit el-Mtoni, alikozaliwa Salme.