Gazeti, Jengo na Mpelelezi: Ushahidi na Ubunifu katika Uandishi wa Larry Millett

Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alikwisha kuyatumikia magazeti ya Zanzibar kwa zaidi ya muongo mmoja. Deni la Bwana Msa, mwenye kiko chake na sahibu yake Najum, kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle limekwisha kujadiliwa sana katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili. Mwaka 1996, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwandishi mwingine wa habari alimwendea Holmes huyohuyo. Larry Millett, mzaliwa wa Minneapolis wa mwaka 1947, hakubuni mpelelezi mwenye jina jipya. Alimchukua Holmes mwenyewe pamoja na Watson, akawasafirisha hadi jimboni kwao. Wakati huo alikuwa akijulikana zaidi kwa vitabu vyake vya historia ya usanifu wa majengo. Makala hii inaifuatilia kazi yake katika nyanja tatu, yaani gazeti, historia na riwaya, na inashikilia kwamba swali linaloziunganisha ni moja: kitu kilichotoweka hujulikana kwa ushahidi gani, na mwandishi ana haki ya kubuni kiasi gani pale ushahidi unapokoma?

Chimbuko la kazi hiyo ni chumba cha habari. Millett aliliandikia gazeti la St. Paul Pioneer Press kwa takriban miaka 30, hadi alipostaafu mwaka 2002. Katikati ya miaka ya 1980 alipata nafasi ya kusoma historia ya usanifu katika Chuo Kikuu cha Michigan, na baadaye akawa mhakiki wa kwanza wa usanifu katika gazeti lake. Kitabu chake The Curve of the Arch (1985) kinahusu benki iliyosanifiwa na Louis Sullivan katika mji mdogo wa Owatonna na kukamilika mwaka 1908. Mkono wa mwandishi wa habari unaonekana humo tangu mwanzo. Jengo halielezwi kwa umbo na mapambo yake pekee, bali pia kupitia watu waliolisababisha: Carl Bennett, mwenye benki aliyethubutu kumpa kazi msanifu ambaye wateja walikuwa wamekwisha kumkimbia; George Elmslie, msaidizi wa Sullivan aliyekuwa na sehemu kubwa katika mapambo yake; na Sullivan mwenyewe, aliyefariki mwaka 1924 akiwa fukara. Benki ilifilisika mwaka 1926. Jengo lingali limesimama, ingawa bahati ya walioliinua ilianguka.

Katika Lost Twin Cities (1992), Millett aligeukia majengo ambayo hayapo tena. Hapo ndipo mbinu ya mwanahistoria inapokaribiana sana na ya mpelelezi, kwa kuwa kitu chenyewe kinachochunguzwa kimeondoka na kilichobaki ni alama zake: picha, ramani, michoro, hati za umiliki na taarifa za magazeti. Mfano ulio wazi zaidi ni jengo la Metropolitan la Minneapolis, ambalo baadaye alilitungia kitabu kizima, Metropolitan Dreams (2018). Jengo hilo la ghorofa 12 lilisanifiwa na E. Townsend Mix na kufunguliwa mwaka 1890. Katikati yake palikuwa na uwazi mkubwa uliopanda hadi kwenye paa la vioo, na watu walitembea juu ya sakafu za vioo zilizopitisha mwanga kutoka ghorofa hadi ghorofa. Aliyeligharimia, Louis Menage, alikuwa mfanyabiashara wa ardhi na mikopo ambaye kampuni yake iliporomoka mwaka 1893, naye akaikimbia nchi. Ubomoaji ulianza mwishoni mwa mwaka 1961, katika mpango wa serikali wa kuuhuisha mji uliofagia sehemu kubwa ya katikati ya Minneapolis. Kwa hiyo historia ya jengo hilo ina udanganyifu mwanzoni na uharibifu mwishoni, na kazi ya mwanahistoria ni kuuliza nani alifanya nini, lini na kwa manufaa ya nani. Hayo ni maswali ya mpelelezi.

Hata hivyo, kumbukumbu za nyaraka haziwezi kujibu kila swali. Huonyesha urefu wa ukuta na gharama ya mawe, lakini ni nadra kuonyesha jinsi mtu wa kawaida alivyoingia mlangoni, alikaa wapi na alizungumza na nani. Riwaya za Millett zinaanzia hapo. Ya kwanza, Sherlock Holmes and the Red Demon (1996), inaujengea mkasa wake juu ya moto mkubwa wa misitu ulioteketeza Hinckley tarehe 1 Septemba 1894 na kuua zaidi ya watu 400. Tajiri wa reli James J. Hill, mtu wa historia, ndiye anayemwita Holmes. Muhimu zaidi ni kisingizio cha usimulizi: msomaji anaambiwa kwamba maandishi ya Watson yalipatikana katika kasha la siri ndani ya ukuta wa nyumba ya Hill, jumba ambalo lingali lipo katika barabara ya Summit, St. Paul. Jengo la kweli linageuzwa kuwa ghala la hati ya kubuni.

Riwaya ya pili, Sherlock Holmes and the Ice Palace Murders (1998), inatumia kasri la barafu la tamasha la majira ya baridi la St. Paul mwaka 1896, jengo ambalo kwa asili yake halikukusudiwa kudumu. Humo anatokea Shadwell Rafferty, Mwairishi mwenye baa katika Hoteli ya Ryan. Hoteli hiyo ilikuwepo kweli. Ilifunguliwa mwaka 1885 na kubomolewa mwaka 1962. Kwa kumweka Rafferty humo, Millett anaifungua tena milango ambayo mwanahistoria aliweza kuieleza kutoka nje tu. Baa inawakutanisha matajiri na vibarua, na mshirika wa Rafferty katika biashara hiyo ni George Washington Thomas, Mmarekani Mweusi. Kadiri mfululizo unavyoendelea, Rafferty anazidi kupewa uwanja, hata katika The Magic Bullet (2011), ambayo mkasa wake umewekwa mwaka 1917, yeye ndiye mpelelezi mkuu. Mgeni kutoka London anampisha mwenyeji.

Swali la haki ya kubuni linajitokeza kwa ukali zaidi katika riwaya ya tatu, Sherlock Holmes and the Rune Stone Mystery (1999). Mwaka 1898 mkulima mhamiaji kutoka Sweden, Olof Ohman, alitangaza kupata karibu na Kensington, Minnesota, jiwe lenye maandishi ya kiruni na tarehe ya mwaka 1362. Wataalamu wengi wa maandishi hayo wanaliona kuwa kazi ya karne ya 19. Hapa mtunzi aliyejifanya mhariri wa hati isiyokuwepo anaandika kuhusu jiwe linalodhaniwa kuwa la kughushi. Tofauti kati ya vitendo hivyo viwili iko katika mapatano na msomaji. Mghushi huficha mkono wake ili uongo ushike nafasi ya historia. Mtunzi wa riwaya humfanya msomaji kuwa mshirika wa mchezo. Maelezo ya kihistoria anayoyaambatisha Millett kwenye riwaya zake, kwa sauti ya mhariri, yanamsaidia msomaji kutambua nyumba ipi ilikuwepo na mtu yupi aliishi.

Mapatano hayo hayaondoi hatari zote. Watu wa historia kama Hill hupewa maneno wasiyoyasema, na msomaji asiyejali maelezo anaweza kuondoka na picha aliyoipata kwenye riwaya akidhani ni rekodi. Lakini hatari iliyo kinyume nayo pia ipo. Historia ya majengo makubwa iliyoandikwa bila wakazi wake huishia kuwa orodha ya wasanifu na wamiliki. Wilaya iliyofagiwa pamoja na Metropolitan ilikuwa na nyumba nyingi za kulala wageni za bei ndogo, na wapangaji wake, wengi wao wanaume wazee wasio na familia, hawakuacha michoro wala mikataba ya ujenzi.

Kwa mtazamo huu, Abdulla na Millett walimwazima Holmes kwa njia mbili tofauti. Abdulla aliuchukua ustadi wa kupeleleza, akampa mtu wa Unguja mwenye lugha, mizaha na adabu za huko. Millett alimleta mpelelezi mzima mzima, kisha riwaya baada ya riwaya akamjengea jirani wa St. Paul aliyeweza kusimama peke yake. Njia zote mbili zinafikia jambo ambalo uandishi wa habari uliwafundisha watunzi hawa: mahali hapaeleweki mpaka pajulikane nani alipita hapo. Hoteli ya Ryan haitarudi. Yanayojulikana juu ya kuta zake yametunzwa katika vitabu vya historia. Sauti za waliokaa ndani yake zimebaki kwa mtunzi, kwa sharti la kukiri kwamba amezibuni.