Uraia wa tajnisi: Faili la mwombaji huanza miaka mingi kabla ya fomu

KATIKA kurasa za matangazo za magazeti ya hapa nchini, katikati ya tangazo la kiwanja kinachouzwa na lile la hati iliyopotea, mara kwa mara hutokea tangazo dogo lenye jina la mtu, anwani yake na mistari michache ya lugha ya kisheria.

Tangazo hilo hueleza kuwa mtu huyo anamwomba Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi ampatie uraia wa Tanzania, na kwamba yeyote anayejua sababu ya kumfanya asipewe uraia huo aipeleke kwa Waziri kwa maandishi yenye saini.

Wasomaji wengi hulipita bila kulisoma. Kwa aliyelitoa, hata hivyo, mistari hiyo inabeba jambo zito. Yupo aliyefanya kazi nchini kwa miaka 15, yupo aliyeolewa hapa na kuzaa watoto hapa, na yupo ambaye hana nchi nyingine ya kurudi. Wote wanaomba kitu kimoja, na wengi hugundua wakati wa kujaza fomu kwamba karatasi wanazoulizwa walipaswa kuanza kuzitunza miaka kumi nyuma.

Aina tatu za uraia

Uraia wa Tanzania unaongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ambayo ni Sura ya 357 ya Sheria za nchi. Uraia ni miongoni mwa mambo ya Muungano, hivyo sheria hiyo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar.

Sheria inatambua raia wa aina tatu: raia wa kuzaliwa, raia wa kurithi na raia wa tajnisi. Wa kuzaliwa na wa kurithi hupata uraia kutokana na mahali walipozaliwa au kutokana na wazazi wao. Raia wa tajnisi ni mgeni aliyeuomba uraia, akachunguzwa, akakubaliwa na akaapa.

Tofauti hiyo ni ya msingi. Raia wa kuzaliwa huthibitisha tu kile ambacho tayari ni haki yake. Mwombaji wa tajnisi haombi kutambuliwa haki aliyonayo, bali anaomba kupewa, na anayetoa ana hiari ya kukataa.

Masharti ya mwombaji

Kwa mujibu wa sheria, mwombaji wa kawaida anapaswa kuwa mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye tabia njema, na anayeijua vya kutosha lugha ya Kiswahili au Kiingereza.

Aidha, anatakiwa kuonyesha kuwa amechangia au anaweza kuchangia ustawi wa taifa, iwe katika uchumi, sayansi, teknolojia au utamaduni, na kwamba akipewa uraia anakusudia kuendelea kuishi nchini moja kwa moja.

Sharti linalowakwamisha wengi ni la ukaazi, nalo lina sehemu mbili. Kwanza, mwombaji awe ameishi nchini mfululizo katika miezi 12 inayotangulia tarehe ya kuwasilisha ombi. Pili, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo 12, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo vikijumlishwa havipungui miaka saba.

Chukua mfano wa mwombaji anayewasilisha ombi Juni 2025. Kipindi cha kwanza kinaanzia Juni 2024. Kipindi cha pili kinarudi nyuma kutoka hapo hadi Juni 2014, na ndani ya miaka hiyo 10 anapaswa kuonyesha jumla ya miezi isiyopungua 84 ya kuishi Tanzania.

Hii ina maana kwamba safari za kwenda masomoni, kumuuguza mzazi au kufanya kazi katika nchi jirani hazimwondolei mtu sifa, mradi hesabu itimie. Lakini miezi 12 ya mwisho haina nafasi hiyo. Anayepanga kuomba anashauriwa kupanga safari zake kabla ya mwaka huo kuanza, si baada ya fomu kujazwa.

Karatasi za miaka yote

Hesabu hiyo haithibitishwi kwa maneno. Ushahidi wake ni vibali vya ukaazi na mihuri ya kuingia na kutoka iliyomo kwenye pasipoti, pamoja na zile zilizokwisha muda.

Mgeni anayeishi nchini kwa muda mrefu kwa kawaida huwa na kibali cha ukaazi cha daraja A, kinachowahusu wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B, kinachowahusu walioajiriwa. Au daraja C, kinachowahusu wengine kama wanafunzi na wamisionari. Mtu mmoja anaweza kupitia madaraja yote matatu katika miaka kumi. Alikuja kama mwanafunzi, akaajiriwa, hatimaye akafungua biashara yake.

Katika mabadiliko hayo ndipo mapengo huzaliwa. Kibali kimoja kilikwisha Machi, kingine kikatoka Julai, na kati yake hakuna karatasi. Pasipoti ya zamani ilikabidhiwa ubalozini ilipotolewa mpya, na nakala haikuchukuliwa. Mwajiri aliyehifadhi vibali amefunga ofisi.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya mwombaji ni kutengeneza orodha ya miaka yake nchini, mwezi kwa mwezi, na mbele ya kila kipindi kuandika karatasi inayokithibitisha. Penye pengo, ni vema atafute maelezo na ushahidi mapema kuliko kungoja kuulizwa katika usaili.

Karatasi nyingine zinazofaa kuwa tayari ni cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kwa aliyeoa au kuolewa, vyeti vya watoto, vyeti vya elimu na taaluma, ushahidi wa kazi au biashara pamoja na ulipaji wa kodi, picha za pasipoti, na hati ya polisi ya tabia njema ambayo hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Hati iliyoandikwa kwa lugha nyingine ipatiwe tafsiri iliyothibitishwa.

Jambo linaloonekana dogo lakini huchelewesha maombi ni majina. Mtu aliyeandikwa majina mawili kwenye cheti cha kuzaliwa, matatu kwenye pasipoti, na jina la mume kwenye kibali cha kazi, machoni pa mkaguzi anaweza kuwa watu watatu. Tofauti hizo hurekebishwa kwa hati ya kiapo kabla ya ombi kuwasilishwa.

Safari ya ombi

Fomu hutolewa na Idara ya Uhamiaji, na viwango vya ada vimewekwa kwa kanuni. Kwa kuwa viwango hivyo hubadilishwa mara kwa mara, mwombaji athibitishe kiasi kwenye ofisi ya Uhamiaji yenyewe na adai stakabadhi ya Serikali kwa kila malipo.

Maelezo yaliyomo kwenye fomu hutolewa kwa kiapo. Kutoa taarifa ya uongo au kuficha jambo ni kosa la jinai, na hata uraia ukishatolewa, udanganyifu ukigundulika baadaye unaweza kuwa sababu ya kunyang'anywa.

Baada ya kuwasilishwa, ombi halipandi moja kwa moja hadi kwa Waziri. Huanzia chini, mahali mwombaji anapoishi, ambako viongozi wa eneo na kamati za ulinzi na usalama humhoji na kutoa maoni, kisha hupanda hadi ngazi ya wilaya, mkoa na makao makuu ya Uhamiaji.

Hapo ndipo mwombaji aliyeishi mtaani bila kujulikana na mwenyekiti wake, asiyehudhuria mkutano wala msiba wa jirani, hupata shida ya kueleza kuwa ni mwenyeji. Sheria haikuandika neno ujirani, lakini anayeulizwa kuhusu tabia ya mwombaji ni jirani yake.

Tangazo la gazetini ni sehemu ya uchunguzi huo huo. Linampa raia yeyote nafasi ya kusema analolijua. Mwombaji atunze nakala kamili ya gazeti lililochapisha tangazo lake, si kipande kilichokatwa, ili tarehe ionekane.

Uamuzi wa mwisho ni wa Waziri. Sheria inasema halazimiki kutoa sababu za kukubali au kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Kwa hiyo mwombaji aliyekataliwa anaweza asijue kamwe ni karatasi ipi iliyomwangusha. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoacha shaka ndani ya faili.

Mamlaka hayo yalijadiliwa sana Januari 2025, Uhamiaji ilipotangaza kuwa wachezaji watatu wa klabu ya Singida Black Stars, wenye asili ya Ghana, Ivory Coast na Guinea, wamepewa uraia. Tangazo hilo lilizua mjadala mkali kuhusu masharti ya tajnisi na jinsi yanavyotumika.

Ndoa si cheti

Wapo wanaoamini kuwa kuolewa na Mtanzania ni kupata uraia. Si hivyo. Ndoa humpa mwanamke wa kigeni haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mume wake akiwa hai, bila kungoja hesabu ndefu ya ukaazi. Asipoomba, anabaki mgeni hata baada ya miaka 30 ya ndoa.

Maneno "akiwa hai" yana uzito wake. Mke aliyeahirisha ombi mwaka hadi mwaka, kisha mume akafariki dunia, anakuwa amepoteza njia hiyo. Wakati ambapo familia inagawana mirathi, yeye anaweza kujikuta anashughulikia kibali cha kuendelea kuishi katika nyumba yake.

Kwa upande mwingine, mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hakupewa njia hiyo ya mkato. Yeye hupita mlango wa kawaida na hesabu zake zote za ukaazi.

Kuhusu watoto, Waziri anaweza kumpa tajnisi mtoto ambaye hajafikia utu uzima iwapo mzazi au mlezi wa mtoto wa raia huyo ataomba. Mzazi asidhani kwamba cheti chake kinawafunika watoto wote bila ombi.

Kukana uraia wa zamani

Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Anayepewa tajnisi hutakiwa kuukana uraia wake wa awali na kula kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano.

Sharti hili linawagusa pia majirani. Kenya iliruhusu uraia pacha kupitia Katiba yake ya mwaka 2010, lakini ruhusa hiyo haimsaidii Mkenya anayeomba uraia wa Tanzania, kwa kuwa kikwazo kipo upande huu wa mpaka. Vivyo hivyo, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inahusu watu kusafiri, kufanya kazi na kuishi, haitoi uraia.

Hatari kubwa ni ya kukana mapema. Mtu aliyeukana uraia wa kwanza kabla ya ombi lake kukubaliwa kwa maandishi anaweza kubaki bila nchi. Utaratibu wa salama ni kungoja barua ya kukubaliwa, kisha kufuata maelekezo yake kwa tarehe zilizotajwa.

Funzo la Katumba, Mishamo na Ulyankulu

Mfano mkubwa wa tajnisi nchini ni wa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na kupewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2007 Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kati ya kurejea kwao na kuomba uraia. Walio wengi waliomba, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa.

Hata hivyo, kukubaliwa hakukuwa na maana ya kuwa na cheti mkononi. Utoaji wa vyeti ulifungamanishwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine, mpango ambao ulikwama. Kwa miaka kadhaa watu hao waliishi katikati, si wakimbizi kamili tena na si raia wenye hati, hadi Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alipoanza kuwakabidhi vyeti.

Baada ya cheti

Cheti cha tajnisi ndicho kinachofungua milango mingine. Mwenye nacho anaweza kuomba pasipoti, kubadili taarifa zake za kitambulisho cha taifa, kujiandikisha kupiga kura, kufanya kazi bila kibali na kumiliki ardhi kama raia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Anaweza pia kugombea ubunge. Lakini Katiba, katika ibara ya 39, inamtaka mgombea wa urais awe raia wa kuzaliwa.

Kuna tofauti nyingine ya kukumbukwa. Raia wa tajnisi anaweza kunyang'anywa uraia kwa sababu zilizotajwa na sheria, zikiwamo udanganyifu wakati wa kuomba na kukosa utii kwa Jamhuri. Kwa hiyo nakala za vibali, pasipoti za zamani, stakabadhi, lile gazeti la tangazo na barua ya kukubaliwa havitupwi siku ya kuapa. Hufungwa pamoja na cheti na kuwekwa mahali ambapo watoto wanapajua.